Hajui Kiingereza, au Lugha Yenyewe Inamsumbua?

Kila mwalimu wa Kiingereza wa Kidato cha Kwanza anawajua wanafunzi wanaokaa kimya. Ukiuliza swali, wanainamia dawati. Ukiwapa zoezi, wananakili maswali yalivyo ubaoni, herufi kwa herufi, na nafasi ya majibu inabaki tupu. Kwenye ofisi ya walimu maelezo huwa tayari: "Hao Kiingereza hawakijui, wametoka shule za vijijini." Mara nyingi maelezo hayo ni ya kweli. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali nchini Tanzania husoma kwa Kiswahili tangu darasa la kwanza hadi anapohitimu, halafu Januari moja anafungua kitabu cha Bailojia na kukuta kila sentensi ni ya Kiingereza. Kunyamaza katika hali hiyo ni jambo la kawaida kabisa.

Ila miongoni mwa hao walionyamaza wamo wachache ambao ukimya wao haukuanza na Kiingereza. Walikuwa hivyo walipokuwa darasa la tatu, na walikuwa hivyo nyumbani kabla hata ya kuanza shule. Hawa wana tatizo katika lugha yenyewe, iwe lugha gani, na kwa kuwa wamekaa katikati ya wenzao ambao shida yao ni ugeni wa Kiingereza tu, hakuna anayewaona. Swali la namna ya kuwatofautisha ndilo lililonipeleka, mimi mwalimu wa Kiingereza, kusomea elimu maalumu na matatizo ya lugha. Kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba mwalimu wa Kiingereza ana nafasi nzuri sana ya kuwagundua watoto hawa, mradi akubali kuweka Kiingereza pembeni kwanza.

Si kila anayeshindwa kuongea ana tatizo la lugha

Kauli ya "hajui kuongea" hubeba mambo mengi yasiyohusiana. Mwenye kigugumizi anajua anachotaka kusema, na sentensi yake imekamilika kichwani. Kinachokwama ni mtiririko wa sauti. Mwenye kithembe sarufi yake ni nzima, ni sauti moja au mbili tu zinazopotoka. Hayo ni matatizo ya usemi. Mtu mzima aliyepata kiharusi akapoteza maneno ana afazia: lugha alikuwa nayo, ubongo ukaumia. Ndiyo hali aliyoieleza daktari Paul Broca mjini Paris mwaka 1861, baada ya kukutana na mgonjwa ambaye kwa miaka mingi hakuweza kutamka zaidi ya silabi moja, "tan". Watoto nao wanaweza kuipoteza lugha kwa kuumia ubongo. Tafiti zilizofanyika Kilifi, pwani ya Kenya, zilionyesha kuwa matatizo ya lugha huwapata zaidi watoto walionusurika malaria kali kuliko wenzao ambao hawakuugua hivyo. Kwa hiyo mzazi huulizwa mapema kabisa kuhusu degedege, homa ya uti wa mgongo na kulazwa hospitali, hata kama mtoto sasa anaonekana mzima.

Tatizo la ukuaji wa lugha ni jambo jingine. Mtoto anasikia vizuri, hana ulemavu wa akili, hana usonji, hajawahi kuumia kichwa, amelelewa na watu wanaomsemesha tangu akiwa mgongoni, na bado lugha haikai. Neno jipya humchukua muda mrefu kulishika na hupotea upesi. Sentensi ndefu humponyoka katikati. Ukimpa maelekezo matatu kwa pamoja anatekeleza moja, halafu anatazama wenzake wanafanya nini ili afuate. Kwa miaka mingi wataalamu waliipa hali hii majina tofauti na vigezo vinavyopingana, mpaka jopo lililoongozwa na Dorothy Bishop wa Chuo Kikuu cha Oxford lilipokubaliana jina moja na masharti yake katika ripoti za mwaka 2016 na 2017. Sharti moja linatuhusu sana sisi wa Afrika Mashariki: mtoto anayeimudu lugha ya nyumbani lakini anashindwa na lugha ya shule hahesabiwi kuwa na tatizo la lugha. Anahitaji kufundishwa lugha ya shule, basi.

Je, ni wangapi? Utafiti wa jimbo la Iowa, Marekani, uliochapishwa mwaka 1997 uliwakuta watoto wa chekechea wenye tatizo hili wakiwa asilimia 7.4. Utafiti mwingine uliofanyika Surrey, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 2016 ulipata takriban asilimia 7.6, bila kuwahesabu wale ambao tatizo lao linaambatana na hali nyingine kama usonji. Namba hizo ni za huko, lakini zikikaribia ukweli wa kwetu, darasa la wanafunzi 60 lina watoto wapatao wanne. Mwalimu mwenye mikondo mitatu ana kumi na wawili, na huenda hajawahi kuambiwa hata mmoja.

Kuhusu chanzo, mengi yanayosemwa mitaani hayana msingi. Mtoto hapati tatizo hili kwa sababu mama yake hakumsemesha vya kutosha, wala kwa sababu ni mvivu, wala kwa sababu kuna mtu kamfunga ulimi. Urithi una nafasi kubwa. Familia moja ya London, inayojulikana katika maandishi ya kitaalamu kwa herufi KE, ilikuwa na takriban nusu ya watu wake katika vizazi vitatu wenye shida kubwa ya usemi na lugha, na mwaka 2001 watafiti walitambua kasoro katika jeni iitwayo FOXP2 kuwa ndiyo chanzo kwao. Familia ya namna hiyo ni nadra; kwa watoto wengi ni jeni nyingi ndogondogo zinazochangia kwa pamoja. Nalitaja suala hili la chanzo kwa sababu bado kuna watoto wanaopelekwa kukatwa udata, ule utando wa chini ya ulimi, kwa matumaini kwamba wataanza kuongea. Ulimi ukiwa mwepesi unaweza kusaidia matamshi ya sauti fulani. Hauwezi kumpa mtoto msamiati wala kumpangia sentensi.

Makosa yanayofanana kama mapacha

Ugumu halisi umelala hapa. Watafiti Mabel Rice na Kenneth Wexler walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba watoto wa Kimarekani wenye tatizo la lugha, ambao Kiingereza ndiyo lugha yao pekee, hukawia sana kumudu viambishi vya vitenzi: ile "-s" ya nafsi ya tatu na ile "-ed" ya wakati uliopita. Mtoto wa miaka mitano anasema "She walk to school" wakati wenzake walishaacha kusema hivyo. Kosa hilo likawa mojawapo ya alama zinazoaminika za kumtambua mtoto mwenye tatizo.

Sasa fungua madaftari ya Kidato cha Kwanza popote kuanzia Kigoma hadi Lindi. "She walk to school" iko kila ukurasa. "He" na "she" zinabadilishana nafasi, kwa sababu kiambishi cha Kiswahili "a-" hakibagui mwanamke na mwanamume. "The" inaachwa au inawekwa pasipotakiwa, kwa sababu Kiswahili hakina kitu cha namna hiyo. Johanne Paradis wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, alichunguza watoto wa wahamiaji wanaojifunza Kiingereza akakuta hali hiyohiyo: watoto wazima kabisa, walio bado safarini kwenye lugha ya pili, wanakosea palepale wanapokosea watoto wenye tatizo. Ukiwapa wote wawili mtihani wa Kiingereza na kutazama alama, huwezi kumjua nani ni nani.

Madhara ya kutojua hivyo yalishawahi kufika mahakamani. Huko California, watoto 9 wa familia za asili ya Meksiko, waliokuwa wakizungumza Kihispania nyumbani, walipimwa akili kwa Kiingereza na kuwekwa kwenye madarasa ya wenye ulemavu wa akili. Walipopimwa upya kwa Kihispania, wengi wao hawakustahili kuwa huko. Kesi hiyo, inayojulikana kama kesi ya Diana, ilimalizika mwaka 1970 kwa makubaliano kwamba mtoto apimwe kwa lugha yake ya nyumbani.

Sisi kosa letu mara nyingi linaelekea upande wa pili. Hatuwaweki watoto wazima kwenye madarasa maalumu, kwa kuwa madarasa yenyewe ni machache. Tunachofanya ni kumhesabu kila anayeshindwa kuwa ni mgeni wa Kiingereza na kumngoja akizoee. Jim Cummins, mtaalamu wa Kanada, alieleza tangu miaka ya 1970 na 1980 kwamba lugha ya mazungumzo ya kawaida mtoto huipata ndani ya miaka miwili hivi, lakini lugha ya vitabu na mitihani huhitaji miaka mitano hadi saba. Na hao aliowachunguza walikuwa wamezungukwa na Kiingereza barabarani, dukani na kwenye televisheni. Mwanafunzi wetu hukutana nacho darasani, na huko nako mwalimu huchanganya na Kiswahili ili aeleweke. Akifanya mtihani wa Kidato cha Pili kwa muda huo mfupi na kushindwa, kushindwa kwake hakutuambii lolote kuhusu afya ya lugha yake. Profesa Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amekuwa akieleza kwa miaka mingi namna lugha ya kufundishia inavyowazuia wanafunzi kuonyesha wanachokijua. Mimi naongeza kwamba inawaficha pia wale ambao hata wangefundishwa kwa Kiswahili wangehitaji msaada wa pekee, na kwa hao naona madhara ni makubwa zaidi, maana miaka inayopotea ndiyo miaka ambayo msaada ungefanya kazi.

Msikilize kwa lugha aliyozaliwa nayo

Kanuni inayoongoza kazi hii ni moja: tatizo la kweli la lugha huonekana katika kila lugha ambayo mtoto anaitumia. Kama Kiswahili chake kimenyooka na Kisukuma cha bibi yake anakimudu, mfundishe Kiingereza kwa bidii na umwache na amani yake.

Ushahidi wa kwanza uko kwa mzazi. Fomu yenye visanduku vya kuweka alama haifai, kwa sababu mzazi akiulizwa "mtoto wako ana tatizo la lugha?" atajibu hapana kwa nia njema kabisa. Inabidi kukaa chini na kuuliza mambo ya nyumbani. Alianza lini kuunganisha maneno mawili? Ukimlinganisha na ndugu zake? Akirudi amegombana na mwenzake, anakueleza ukaelewa, au inabidi umwite mtoto mwingine aeleze? Nakumbuka mama mmoja aliyefikiri nimemwita kwa utovu wa nidhamu wa mwanawe. Nilipomuuliza habari za kumtuma dukani, alicheka kidogo, kisha akasema: "Mwalimu, huyu tangu mdogo ukimtuma sukari na chumvi analeta sukari. Siku hizi namtuma na mdogo wake, mdogo ndiye anayekumbuka." Mdogo alikuwa na miaka sita. Kijana mwenyewe alikuwa Kidato cha Pili. Sentensi hiyo moja ilikuwa na maana kuliko ripoti zake zote za muhula.

Ushahidi wa pili ni masimulizi. Mwambie mwanafunzi akusimulie hadithi anayoijua, kwa Kiswahili au kwa lugha ya kwao kama kuna mtu wa kusikiliza. Chukua ile ya sungura aliyekula asali usiku, akampaka fisi mdomoni akiwa amelala ili alaumiwe yeye. Mwanafunzi wa kawaida, hata mwenye aibu, atakwambia nani alikuwa na njaa, asali ilikuwa ya nani, kwa nini alimpaka mwenzake, na asubuhi kulitokea nini. Mwenye tatizo atasimulia hivi: "Sungura... alikula. Akampaka. Halafu wakaamka. Wakasema ni wewe. Akapigwa."

Tazama kwa makini sentensi hizo. Kisarufi hakuna kosa. Vitenzi vimekaa, nyakati ziko sawa. Lakini nani alipigwa? Nani walioamka? Kampaka nini, na kwa nini? Kiswahili kinamruhusu msemaji kuacha majina na kubaki na viambishi, na msimulizi mzuri anajua ni wakati gani msikilizaji ameshapotea na anahitaji jina litajwe tena. Mtoto huyu hajui. Hana pia yale maneno ya kuunganisha sababu na matokeo: "ili", "kwa kuwa", "ingawa", "kumbe". Mwalimu anayetafuta makosa ya sarufi peke yake atampa alama nzuri na kumpita.

Papo hapo kuna mtego wa kuhesabu kosa pasipo kosa. Mtoto wa Tarime anayeweka "r" mahali pa "l" ana lafudhi ya Kikurya. Mtoto wa Nairobi anayesema "kitu ingine" anazungumza kama mtaa wake mzima. Mtoto aliyetoka Lubumbashi anayesema "batoto" anatumia Kiswahili cha Katanga kama mama yake anavyokitumia. Kipimo sahihi ni kumlinganisha mtoto na watoto wa rika lake waliokulia anapokulia yeye, wala si na kamusi. Ndiyo maana mtihani uliotungwa London kisha ukatafsiriwa neno kwa neno haupimi kitu hapa. Kazi nzuri ya kuanzia chini imefanyika Kilifi, ambako Katie Alcock na wenzake waliandaa orodha za maneno ya watoto wachanga kwa Kiswahili na Kigiriama, wakiwahoji wazazi ambao wengine hawakujua kusoma, badala ya kuwapa karatasi wajaze.

Kuna njia ya tatu, nayo naipenda kwa urahisi wake: kumtajia mtoto maneno yasiyokuwepo ayarudie. "Tefomali." "Kinugabeso." "Salimopetaku." Susan Gathercole na Alan Baddeley walionyesha mwaka 1990 kwamba watoto wenye tatizo la lugha hushindwa zoezi hili mapema kuliko wenzao, hasa silabi zinapoongezeka, kwa sababu hawawezi kuishikilia sauti ngeni kichwani muda wa kutosha. Na ndiyo siri ya kwa nini neno jipya haliwakai. Uzuri wake ni kwamba mtoto wa kijijini na mtoto wa mjini wote hawajawahi kulisikia neno hilo, kwa hiyo hakuna aliyependelewa na vitabu vya nyumbani. Lazima maneno yaundwe kwa silabi za Kiswahili, na yawe marefu. Mtoto aliyezoea kusikia "hatukuwapelekea", lenye silabi 8, hatishiki na neno la silabi tatu.

Ya nne inahitaji wiki moja tu. Chagua maneno matano ya Kiingereza ambayo mwanafunzi hayajui kabisa, uyafundishe vizuri: kitu chenyewe mkononi, maana kwa Kiswahili, sentensi, kurudia. Muulize mwisho wa kipindi, kesho yake, na baada ya siku saba. Elizabeth Peña, mtafiti wa Marekani aliyefanya kazi na watoto wa Kihispania, ameonyesha jinsi mpangilio huu wa kupima, kufundisha na kupima tena unavyowatenga watoto wa makundi hayo mawili. Aliyekosa fursa hupanda haraka akifundishwa. Mwenye tatizo hupanda polepole na kurudi chini. Hapa Kiingereza kinaruhusiwa kurudi, kwa sababu tunachopima sasa ni kasi ya kujifunza.

Kabla ya yote haya, masikio. Usaha unaotoka na kukauka, kukaa kichwa upande, kujibu vizuri akikutazama na kutojibu akiwa amekupa mgongo: mtoto huyo aende hospitali kupimwa usikivu kabla hujamtafutia jina lolote.

Disleksia inayosubiri Kiingereza

Kanuni niliyoitaja ina sehemu moja inayohitaji jicho la pekee, nayo ni kusoma. Tahajia ya Kiswahili inakwenda na sauti. Mtoto akishajua silabi anaweza kusoma neno lolote, hata asilolielewa. Kiingereza hakiko hivyo: "though", "through" na "tough" zinafanana kwa macho tu. Mwaka 2003 Philip Seymour na wenzake walichapisha ulinganisho wa watoto wa darasa la kwanza katika lugha mbalimbali za Ulaya. Watoto wa Finland, ambao tahajia yao imenyooka kama yetu, walisoma sahihi karibu maneno yote ya kawaida waliyopewa. Wa Scotland, waliokuwa wakisoma Kiingereza, walipata 34 kati ya 100.

Kwa hiyo mtoto mwenye disleksia, yaani shida ya kudumu ya kusoma na kuandika maneno, anaweza kupita KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) za darasa la kwanza na la pili bila mtu kushtuka. Anasoma Kiswahili bila makosa mengi. Anakuja kuanguka Kiingereza kinapoanza, na kila mtu anasema ni ugeni wa lugha. Mwaka 1999 Taeko Wydell na Brian Butterworth walieleza habari za kijana wa miaka 16 aliyelelewa Japani kwa Kiingereza na Kijapani: Kijapani alikisoma sawa na wenzake au kuwazidi, lakini kwenye Kiingereza alikuwa na disleksia kali. Ubongo ni uleule, maandishi ndiyo yaliyotofautiana.

Kwenye Kiswahili alama huwapo hata hivyo, ila inajitokeza kwenye kasi. Mpe mwanafunzi aya ya Kiswahili cha darasa la nne na ushike saa. Anayesoma silabi kwa silabi, kidole kikitambaa chini ya mstari, huku akifika mwisho wa sentensi ameshasahau mwanzo wake, anakuonyesha jambo hata kama hakukosea neno. Mpe imla pia. Katie Alcock na Damaris Ngorosho, walipochunguza tahajia ya watoto wa Tanzania mwaka 2003, walionyesha kwamba hata lugha iliyonyooka kama Kiswahili si kazi ndogo kujifunza kuiandika.

Wanachoambiwa wazazi

Ushauri mmoja naukuta tena na tena, na unaniuma: mzazi anaambiwa aache kuzungumza Kichaga au Kinyakyusa na mtoto, au hata Kiswahili, azungumze Kiingereza peke yake ili "asimchanganye". Lugha mbili hazisababishi tatizo la lugha. Mwaka 2003 Paradis na wenzake walilinganisha watoto wa Kanada wenye tatizo la lugha waliokuwa wakizungumza Kifaransa na Kiingereza na watoto wenye tatizo hilohilo waliokuwa na lugha moja tu. Wa lugha mbili hawakuwa nyuma ya wenzao. Mama anayekatazwa lugha yake akabaki na Kiingereza cha kubahatisha hupunguza mazungumzo, na mtoto ambaye tayari lugha inampa taabu anabaki na maneno machache zaidi ya kusikia. Anapoteza na mazungumzo na bibi.

Darasani, yanayomsaidia ni ya kawaida ila yanadai uvumilivu. Maneno mapya ya somo afundishwe kabla ya somo, kwa Kiswahili na Kiingereza, machache kwa wakati. Maelekezo yatolewe moja moja, na yaandikwe ubaoni. Akiulizwa, asubiriwe, sekunde kumi za kimya ni ndefu kwa mwalimu lakini yeye anazihitaji. Jibu lake la Kiswahili lipokelewe kwanza, kisha lihamishiwe kwenye Kiingereza mbele yake. Neno alilofundishwa Jumatatu lirudi Alhamisi, na lirudi tena mwezi ujao. Mwenye ugeni wa Kiingereza tu naye atafaidika na haya yote, kwa hiyo hakuna hasara ya kuanza kabla hujawa na uhakika. Tofauti ni kwamba yeye ataacha kuyahitaji, na mwenzake ataendelea kuyahitaji hadi Kidato cha Nne na baada yake.

Wataalamu wapo, ingawa wachache. Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha, kimeandaa walimu wa elimu maalumu kwa miongo mingi. Kenya ina taasisi yake ya elimu maalumu, KISE, tangu mwaka 1986. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kufundisha tiba ya usemi na lugha mwaka 2008, na Chuo Kikuu cha Muhimbili nacho sasa kina shahada ya usikivu na usemi. Hata hivyo mafunzo yetu ya ualimu maalumu yamejengwa zaidi juu ya uziwi, uoni na ulemavu wa akili, mambo ambayo fomu za shule zina nafasi ya kuyaandika. Mtoto mwenye tatizo la ukuaji wa lugha hana miwani, hana fimbo, hana kifaa sikioni. Anacheza mpira vizuri. Anaitwa mzito.

Kwa hiyo ninapomaliza kumchunguza mwanafunzi naandika nilichokiona, kwa Kiswahili ambacho mzazi wake anaweza kukisoma: lugha za nyumbani ni zipi, alisimulia nini na vipi, maneno mangapi kati ya matano yalibaki baada ya wiki, masikio yalipimwa lini na wapi, nini kimemsaidia darasani. Nakala moja inakwenda kwa mzazi, nyingine kwa mwalimu wa taaluma, nami naomba iwe imemfikia mapema kabla ya usajili wa mtihani wa Kidato cha Pili. Baraza la mitihani huwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalumu, na maombi ya mtoto ambaye ulemavu wake hauonekani kwa macho yanahitaji karatasi za kutosha nyuma yake.